Paundi Mbili Zilizozidi

Jumamosi hiyo Delfina Apodaca alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa zamu yake, kivuli kikubwa kilipopita juu ya kamba polepole, mithili ya mtu anayenyata. Alipoinua macho, aliona puto kubwa la hewa moto likishuka kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya ua. Asubuhi za mji wa Albuquerque, Marekani, maputo huelea kila upande kama mawingu yaliyopakwa rangi, lakini hakuna hata moja lililowahi kushuka karibu namna hii.

"Hodi jamani!" sauti iliita kutoka ndani ya kapu. "Upepo umenigeuka. Nani atanishikia kamba?"

Delfina aliruka ua. Baba yake, Amadeo, alimfuata akihema, mkono mmoja ameshika kiuno. Waliivuta kamba, kisha wakamsaidia yule mgeni kukunja kitambaa kirefu cha puto kilicholala majanini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi na glavu za ngozi. Jina lake lilikuwa Hattie Pruitt.

"Wema huu nitaulipaje?" aliuliza.

Amadeo alikuwa akiligusa lile kapu kwa ncha za vidole. Alizaliwa mjini humo, akatengeneza friji za watu kwa miaka ishirini, na siku zote hizo aliyatazama maputo akiwa chini. Delfina alilijua hilo.

"Mrushe baba yangu," alisema upesi.

Bi Hattie alicheka. "Nitawarusha wote wawili. Wiki nane kuanzia leo. Lakini puto langu ni dogo. Nyinyi wawili msizidi paundi mia tatu na thelathini, na majaketi yenu mwilini. Kwenye uzito sina utani."

Jioni hiyo walipanda mizani ya bafuni. Walizidi paundi kumi na nne.

"Kumi na nne zote ni zangu," Amadeo alisema. "Hata daktari alishaniambia nipunguze." Alifungua simu yake, akasoma kwa muda mrefu. Kuanzia kesho, alitangaza, asingekula chochote mpaka saa sita mchana, na baada ya saa mbili usiku asingegusa kitu. Haikuwa ibada, alifunga kwa ajili ya mizani. "Wanasema bila hivi mtu hapungui."

"Tutaona," alisema mkewe, Benita.

Na aliona. Kila ilipofika saa sita Amadeo alikula tamale tano, zile za unga wa mahindi zilizojazwa nyama, na kuzisukuma kwa soda. "Mume wangu, unakula kama uliyetoka gerezani leo," Benita alimtania. Baada ya wiki mbili, mizani haikuwa imesogea.

Hapo Delfina akajiamulia jambo bila kumwambia mtu. Kama baba hapungui, atapungua yeye. Kifungua kinywa alimpa mbwa, na chakula cha mchana akampa Ezequiel, mwenzake wa darasani.

"Unaumwa nini wewe?" Ezequiel aliuliza, mdomo umejaa. "Au umetia sumu?"

"Kula, mdomo mrefu!"

Usiku aliota anapaa juu ya paa za udongo na mto mwembamba. Mchana kichwa chake kilikuwa chepesi, naye akadhani wepesi ule ndio mwanzo wa kupaa. Siku ya tatu, wakikimbia uwanjani, majani yalipanda na mbingu ikashuka. Alipofumbua macho, alikuwa kitandani katika chumba cha nesi wa shule, na baba yake alikuwa ameshika kiatu chake kimoja.

Nesi Lucero alimpa maziwa na mkate, akangoja amalize. Delfina akasema yote, machozi yakimtiririka.

"Baba asipopungua, hataruka kamwe," alimalizia.

Amadeo aliinamisha kichwa. "Kumbe ni mimi niliyemfundisha."

"Nisikilizeni wote," Nesi Lucero alisema. "Kwa mtu mzima, kufunga kwa saa ni njia mojawapo tu. Wapo inaowasaidia kwa sababu wanajikuta wamekula kidogo. Wengine wakifungua, wanalipiza kisasi, sivyo mzee?"

"Tamale tano," Amadeo alikiri.

"Basi si lazima. Muulize daktari wako, lakini unaweza kula asubuhi, mchana na jioni, ukapunguza sahani, ukaacha soda, ukatembea. Utapungua taratibu. Na wewe, Delfina, una miaka kumi na mitatu. Unajenga mifupa. Huna cha kupunguza. Niahidi kitu: kila asubuhi, kula kwanza."

"Hata siku ya puto?"

"Hasa siku hiyo."

"Nakuahidi."

Daktari alikubaliana na nesi. Basi kila jioni familia ilitembea kando ya mfereji wa maji, chini ya miti iliyokuwa ikigeuka manjano, harufu ya pilipili za kuchoma ikielea hewani. Mwanzoni Amadeo alipumzika kila baada ya hatua mia. Wiki ya tano alikuwa akiimba huku anatembea.

Siku ilipofika, walitoka kabla hawajala. Uwanjani, katika mwanga wa kijivu, Bi Hattie aliwapandisha kwenye mizani yake. Mia tatu na thelathini kamili!

"Upepo ukitulia nitawapima tena, kisha tunapaa," alisema.

Benita alifungua chupa ya uji wa mahindi ya buluu. Amadeo alimnong'oneza bintiye, "Leo tu, mwanangu. Tutakunywa tukishatua."

Delfina aliutazama mvuke, kisha puto lililokuwa likivimba na kuwaka kama taa.

"Nilimwahidi nesi," alisema. Akachukua kikombe, akanywa chote.

Uso wa Amadeo ukapata moto. "Nisamehe. Nipe na mimi, Benita."

Mizani ilipowapima tena, walizidi paundi mbili.

"Majaketi siwavui, huko juu kuna baridi," Bi Hattie alisema kwa huzuni. "Leo ni mmoja tu."

"Panda wewe," Amadeo alimwambia bintiye.

"Hapana, Baba. Wewe umengoja miaka mingi kuliko mimi."

Bi Hattie aliweka glavu yake begani mwa Delfina. "Mwili wako ndio utakaokubeba maisha yako yote, binti. Kapu langu ni la saa moja tu. Umechagua vizuri."

Moto ulinguruma. Kapu liliachana na majani kimya kimya, na Amadeo, aliyepungua paundi kumi na nne, akilia kama mtoto, akapaa. Delfina alimpungia mpaka akawa nukta. Kisha akapanda gari na mama yake kulifuata puto, ladha ya uji ingali mdomoni.