Kamba ya Mama na Urefu wa Tunu

Huyu ni Tunu. Ana miaka minne na nusu, ana ndala mbili zisizofanana, na ana njaa.

Amekaa pembeni ya uwanja wa shule, Iringa, kwenye nyasi za baridi. Anamsubiri Mama amalize.

Mama hamalizi.

Mama yake Tunu anarusha mpira wa kriketi. Harushi polepole. Anatoka mbali, anakimbia hatua kumi na nane, kisha anauachia mpira uende ukaangushe vijiti vitatu vilivyosimama kule mwisho.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

Chini kuna mstari mweupe. Mguu wa Mama ukiuvuka kabla ya kurusha, mpira hauhesabiwi. Basi. Hata ukienda kama radi, hauhesabiwi.

Zamani Mama alikuwa havuki. Aliichezea nchi. Alirusha Kampala, akarusha Kigali, akarusha Windhoek, watu wakasimama kwenye viti.

Kisha Tunu akazaliwa, Mama akapumzika.

Sasa Mama anataka kurudi. Kesho kocha atampa mipira mitatu tu. Akivuka mstari mara tatu, hachaguliwi.

"Mara ya mwisho," alisema Mama.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

Baba alikuwa amesimama kwenye mstari. Akanyoosha mkono mmoja pembeni, kama mtu anayeanika shati.

"Umevuka, Mama Tunu."

"Ni viatu hivi," alisema Mama. Akavua viatu, akavaa vingine. "Mara ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

Mkono wa Baba ukanyooka. "Umevuka, Mama Tunu."

"Ni upepo huu. Unanisukuma mgongoni." Mama akausubiri upepo upite. "Mara ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

"Umevuka, Mama Tunu."

"Ni wewe, Baba Tunu. Unautazama mguu wangu kama unataka kuununua."

"Nautazama kwa sababu ndiyo kazi uliyonipa."

Tunu alipumua kwa nguvu, fuuuh, ili wasikie. Hawakusikia.

"Mama," alisema Tunu, "umesema mara ya mwisho mara nane."

"Tisa," alisema Baba.

Mama akakaa chini, pu, katikati ya uwanja.

"Na nikivuka kesho je?" alisema Mama. "Na wale wasichana wapya wana miguu kama swala, na kocha ataniangalia tu, na mimi nimepima vizuri, nimepima na kamba yangu ileile, kwa nini navuka?"

Tunu aliitazama ile kamba. Ilikuwa ya bluu. Ilianzia kwenye mstari, ikaenda, ikaenda, ikafika pale Mama anapoanzia kukimbia.

"Kamba ni fupi," alisema Tunu.

"Si fupi. Niliikata mwenyewe."

"Lini?"

"Zamani."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hujazaliwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Tunu."

Tunu akafikiri. "Basi ni ya zamani sana."

Baba akakohoa. "Mama Tunu, suruali zako za wakati ule zinakutosha?"

"Nyamaza, Baba Tunu," alisema Mama. Lakini alikuwa ameshasimama.

Akaenda kwenye mstari. Akavipa vijiti mgongo.

"Nitakimbia kinyume," alisema. "Kutoka kwenye mstari kwenda kule. Baba Tunu, hesabu hatua. Tunu, pale mguu wa kumi na nane utakapokanyaga, weka ndala yako."

Tapa tapa tapa tapa! Moja, mbili, tatu, nne! Mama anakimbia, Baba anahesabu, Tunu anafuata na ndala moja mkononi na nyingine mguuni.

"Kumi na nane!"

Tunu akaiweka ndala. Pwa.

Wote watatu wakageuka kuitazama kamba. Kamba ilikuwa imeishia nyuma kabisa. Haikuifikia ndala.

"Miguu yako imekua," alisema Tunu.

"Miguu ya watu wazima haikui," alisema Mama.

"Hatua ndiyo imekua," alisema Baba. "Umembeba huyu mtoto miaka mingapi? Kupanda kilima, kushuka kilima, na alikuwa anakataa kutembea."

"Nilikuwa nimechoka," alisema Tunu.

Mama akamtazama Tunu. Akaitazama ile nafasi iliyobaki, kutoka mwisho wa kamba hadi kwenye ndala.

"Tunu, hebu lala hapo."

Tunu akalala chali kwenye nyasi. Kisigino kiligusa mwisho wa kamba. Nywele ziligusa ndala.

Hakuzidi. Hakupungua.

"Kumbe," alisema Mama, polepole.

Akarudi nyuma mpaka kwenye ndala.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

Mkono wa Baba haukunyooka.

Tunu alisubiri. Mkono bado haukunyooka.

"Twendeni tukale," alisema Tunu.

Kesho yake uwanja ulikuwa mkubwa, na watu walikuwa wengi. Kocha Zaituni alikuwa na kofia nyeupe na filimbi. Hakuwa anacheka.

Mama aliogopa. Alikunja kamba, akaikunjua, akaikunja tena. Akaitandika kuanzia kwenye mstari, kama alivyozoea. Akasimama mwisho wa kamba.

Mwisho wa kamba tu.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

Mwamuzi akanyoosha mkono. "Umevuka."

"Mama Tunu!" aliita Baba kutoka pembeni. Mama hakusikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa woga.

Tapa tapa tapa tapa... fyuuu!

"Umevuka. Umebaki mpira mmoja."

Tunu alipumua, fuuuh. Hivi watu wazima wana nini? Jana tu. Jana tu walipima.

Akauachia mkono wa Baba. Akaingia uwanjani, ndala moja nyekundu, ndala moja ya kijani, pwa pwa pwa pwa, mpaka mwisho wa kamba.

Akalala chali.

Filimbi ikalia. Priii!

"Mtoto wa nani huyu analala uwanjani?" aliuliza Kocha Zaituni.

"Mama," alisema Tunu akiwa palepale chini, "umenisahau mimi."

Mama akaitazama kamba. Akamtazama Tunu. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Ni wangu, kocha," alisema Mama. "Ni kipimo changu."

"Kipimo?"

"Ndiyo, kocha. Kamba, halafu yeye."

Kocha Zaituni alikuwa ameona mambo mengi uwanjani. Hilo hakuwahi kuliona. "Haya, pima," alisema. "Ila akimaliza kuwa kipimo, atoke."

Mama akachora alama chini, pale nywele za Tunu zilipoishia. Tunu akainuka, akajipangusa nyasi, akarudi kwa Baba.

Mama akavuta pumzi.

Tapa tapa tapa tapa...

Watu wakanyoosha shingo.

Fyuuu!

Kraa! Vijiti vikaruka. Kimoja huku, kimoja kule, kimoja kikaanguka chini na kubingirika.

Tunu hakuvitazama vijiti. Alitazama mkono wa mwamuzi.

Mkono haukunyooka.

Jioni, Mama alikuwa na barua ya kocha mfukoni. Ataondoka Jumatatu, kwenda kucheza mbali, siku kumi.

Tunu alikuwa amekula maandazi mawili. Alilala kitandani, amenyooka kama rula. Mama alimpima kwa kipande cha kamba mpya, kutoka kisigino hadi nywele. Akakata, kacha. Akakifunga kwenye kamba ya bluu, fundo moja gumu.

"Tulia basi, Tunu. Usijikunje."

"Mama, nikikua je?"

"Tutapima tena."

"Ukiwa huko mbali, nikakua?"

Mama aliinama, akambusu kwenye paji la uso. "Basi usikue mpaka nirudi."

"Sawa," alisema Tunu.

Akafumba macho. Akajizuia kwa nguvu zake zote. Alijizuia miguu, akajizuia mikono, akajizuia hata masikio.

Kisha akapitiwa na usingizi.

Na humo usingizini, bila kujua, akakua.

Kidogo tu.