Bi Mawe na Kiti cha Nyuma

Muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa anatoka dukani na maziwa na sabuni zake, akikatisha katikati ya magari, alipochungulia gari moja jeupe na moyo ukampasuka. Kwenye kiti cha nyuma alilala mtoto mchanga chini ya blanketi, kifua kikipanda na kushuka. Vioo vimefungwa vyote, jua linachoma, na mwenye gari hana habari.

"Gari hili la nani?" aliuliza mara moja tu. Watu wakatazamana. Akaokota jiwe, akapasua kioo cha mbele, akafungua milango, akamkwapua mtoto. Mtoto alikuwa wa baridi, na shingoni ulitokeza waya.

"Dada, huyo ni mwanasesere," ilisema sauti nyuma yake. Fundi mmoja mrefu, shati la mistari limepigwa pasi upande mmoja tu, alisimama na mkate kwapani.

"Mwanasesere anapumua?"

"Nimemtia pampu kifuani. Kazi yangu ni kufunga rada ndani ya magari. Inamjua mtoto aliyesahauliwa kwa pumzi zake tu, hata akifunikwa gubigubi, kisha inapiga king'ora. Nilikuwa naijaribu."

"Mbona haikulia?"

Fundi akakuna kichwa. "Ilikuwa inajiandaa. Wewe umeiwahi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Muuguzi alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, kaka yangu."

"Nimesamehe. Ila uje tunywe chai, unieleze mkono huo umefundishwa wapi."

Toka chai hiyo hawakubandukana. Fundi alimbatiza Bi Mawe, na kila asubuhi simu ililia kabla muuguzi hajavaa sare.

"Bi Mawe wangu, umeamkaje?"

"Salama, fundi. Leo umemsahau nani kwenye gari?"

"Nimejisahau mwenyewe, tangu nikuone."

"Haya, danganya taratibu, nitazoea."

Jambo moja tu muuguzi hakulifanyia utani. Mchumba wake wa kwanza alimficha kuwa ana mtoto, mpaka siku mtoto mwenyewe alipoletwa wodini na homa, akamwita yule bwana "baba" mbele ya wauguzi wote. "Mengine nitavumilia," alimwambia fundi. "Hilo sirudii."

Fundi akaapa kuwa hana mtoto. Kisha akampa zawadi ya kifundi. "Rada ikiona mtoto kwenye gari langu, inanijulisha mimi. Nisipojibu, inamtumia ujumbe mtu ninayemwamini. Nimeweka namba yako." Muuguzi alirudi nyumbani anatabasamu peke yake barabarani.

Jumamosi fundi alimwalika chakula cha mchana hotelini. Muuguzi alivaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, akapaka wanja, akawa anatafuta hereni, simu ikalia: *Mtoto yumo ndani ya gari. Kiti cha nyuma.*

Akacheka. Halafu akageuka. Mwanasesere alikuwa amejilaza hapo hapo sebuleni kwenye sofa, ameletwa ashonwe shingo. Basi kwenye gari kulikuwa na mtoto wa kweli.

Akampigia fundi. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, hola.

"Na huyu pia!" alisema, na hasira ikamtoa machozi. Angeweza kuzima simu akajifungia akalia vizuri. Lakini kuna mtoto anapikwa na jua. Akatoka mbio na viatu virefu, akasimamisha teksi, na aliposhuka hotelini, kitu cha kwanza kuokota kilikuwa jiwe.

Gari lilikuwa linapiga king'ora. Fundi naye alikuwa anakuja mbio, suti mpya, uso umempauka.

"Fungua!"

"Mpenzi, shusha kwanza hilo..."

"Fungua, mtoto wako atakufa! Yetu tutayamaliza baadaye!"

"Mtoto gani? Mimi nilizima mlio wa simu tu, nisikatizwe..."

Akafungua mlango, akafunua blanketi. Chini yake alijikunja mama mmoja mdogo wa umbo, viatu amevikumbatia, anakoroma.

"Mama!"

Mama alifuta uso kwa upande wa kitenge chake. "Kila siku unanizungusha, utamwona, utamwona. Uliporudi ndani kujipulizia manukato, nikaingia. Na hiki kikelele chako kinaniita mtoto?"

"Rada inajua pumzi tu, mama. Miaka haihesabu."

Mama akamtazama muuguzi, wanja umemtiririka, jiwe mkononi. "Binti, ulidhani kuna nani humu?"

"Mtoto wake. Wa mwanamke mwingine."

"Na bado umekuja mbio hivyo?"

"Mtoto ana kosa gani, mama?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Usipomwoa huyu, kwako sikanyagi tena."

Fundi alikuwa ameshapiga goti kwenye kokoto, pete mkononi. "Nilikuwa nakusubiri ndani na hii. Mtoto niliye naye ni yule wa sofani kwako, wa pili atakuwa wako. Utakubali nikuoe? Ila kwanza, mpenzi wangu, weka jiwe chini."

Muuguzi akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuliweka chini. Alimpa mama mkwe amshikie, akanyoosha kidole.

"Nitalitunza," mama alisema, akilifutika kwenye kitenge. "Siku akikuficha jambo, uje ulichukue."