Suruali ya Kule

Kijana Kule alimwona Kaswera mara ya kwanza sokoni Bunia, mwaka 1976, akiuza asali. Alivaa kitenge chekundu, na nyuki watatu walizunguka kilemba chake, naye hana habari nao. Kule, karani ndani ya suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka ikameta, alionja tone moja akasahau alichokuja kununua.

"Dada, hii asali munatiaka nini ndani?"

"Uliza nyuki," Kaswera akacheka. "Siye tunauzisha tu."

Kuanzia hapo Kule akawa mlaji wa asali wa kupindukia.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi: kila mtu na panga lake, na mwenye majani mlangoni huitwa ofisini. Kule akaona ndiyo nafasi ya kupendwa. Kulipokucha alikuwa kwa Kaswera, suruali ya abakosti mwilini. Akafyeka kichaka chote cha maua ya porini, ya manjano, mbele ya nyumba. Jasho lilimtoka, moyo ukimcheka.

Kaswera akatoka, mswaki mkononi.

"Kule! Weye njo umekata chakula ya nyuki yangu? Niliotesha ile maua miye mwenyewe!"

"Nilizani ni majani tu, mupenzi. Nilitaka kukusaidia."

"Mupenzi yako ni ile panga. Enda ulale nayo!"

Kule akarudi kwake, akaketi kizingitini kubandua vimbegu vyeusi vilivyong'ang'ania suruali, akivitupa kimoja kimoja na kuvilaani. Wiki ile nyuki walihama. Kaswera akawa hauzi tena asali, wala haitikii salamu. Kule alikonda. Alimpenda, na alikuwa amempoteza kwa mikono yake mwenyewe.

Mvua zikanyesha. Baada ya miezi miwili mlango wa Kule ulifunikwa na maua ya manjano. Akashika panga, mkono ukakataa. Kisha kundi zima la nyuki likahamia kwenye pipa lake tupu, na mmoja akamchoma juu ya jicho.

Habari zikafika sokoni. Kaswera akaja mbio.

"Nyuki yangu iko kwako!"

"Ilikuya yenyewe. Sikuiita."

"Nitairudisha namna gani? Chakula yote iko hapa."

"Usiirudishe. Weye njo ukuye, Kaswera. Jumamosi nitatuma wazee yetu kwenu."

Kaswera aliitazama suruali kwenye kamba, bado ina vimbegu vyeusi pindoni. Akacheka mpaka machozi. Akamkalisha Kule kizingitini, akamchomoa mwiba wa nyuki taratibu.

"Jumamosi ni salongo," alisema. "Wakuye. Lakini wakuye bila panga."