Ngoma Iliyopashwa Jikoni

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Wiston alitoka mbio kwenye stoo ya ukumbi akipiga kelele. Bibi Adventina, mpishi wa chuo, alikuwa akichochea moto wa uji. Alidhani kijana ameumwa na nyoka.

"Ngoma imechanwa! Jamani, njooni, ngoma imechanwa!"

Bibi aliweka mwiko juu ya mfuniko, akavuka uwanja uliojaa maji ya mvua, akaingia stoo. Ngoma kubwa ilikuwa imesimama mahali pake pa siku zote. Ngozi yake ilikuwa imepasuliwa kutoka ukingo mpaka ukingo. Mpasuko ulikuwa umeachama upana wa vidole viwili, na kingo zake zimejikunja kama maganda makavu ya mgomba. Ngoma ndogo, iliyolala ubavuni mwake, ilikuwa nzima.

Ineza alifika akiwa bado na kanga mabegani. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wa ngoma ile. Hakulia. Aliigusa ile ngozi kwa kidole kimoja, kisha akakaa chini kwenye sakafu ya saruji.

Kilikuwa chuo kidogo cha wananchi, kilimani Mugoma, na darasa la sanaa za maonyesho lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Walikuwa wamesoma miaka miwili. Siku hiyo, saa sita mchana, watahini kutoka Bukoba walitarajiwa kuja kuliona igizo lao, na cheti kilitegemea igizo hilo. Kila onyesho lilifunguliwa na kufungwa kwa ngoma kubwa. Bila ngoma hapakuwa na igizo.

"Nani alifungua stoo?" aliuliza mkuu wa chuo, Bwana Frednand, aliyefika na shati halijafungwa vifungo.

"Mimi, mkuu," Wiston alisema. "Zamu yangu ya kufagia. Nilichukua ufunguo ofisini saa kumi na mbili na robo."

"Ukakaa humo dakika ishirini na tano peke yako?"

"Nilianza kufagia ukumbi. Stoo niliifungua mwisho."

Wanafunzi walitazamana. Wote walikumbuka maneno ya Wiston ya Jumatatu, mbele ya darasa zima, kwamba kwao mwanamke hapigi ngoma, na kwamba Ineza angefaa zaidi kupiga vyombo vya jikoni. Ineza alimjibu kuwa yeye Wiston hata sufuria ingemshinda mdundo, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wiston hakucheka.

Mwalimu Marcel, aliyefundisha darasa lile, alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umesawajika kama wa mtu aliyefiwa.

Saa tatu kamili askari alifika kwa pikipiki. Aliitwa Afande Clever, kijana mpole ambaye shangazi yake alikuwa jirani ya Bibi. Alimwamkia Bibi kwanza, kabla ya mkuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa. Njoo baadaye uote moto."

Mahojiano yalifanyika ofisini, mlango ukiwa wazi. Bibi alipeleka chai, akakawia kuimimina.

"Ulisema mwanamke hapigi ngoma?" Afande alimuuliza Wiston.

"Nilisema, afande. Nilikuwa na wivu. Niliitaka ngoma ile mimi."

"Ukaichana."

"Hapana! Bila ngoma hata mimi nafeli. Baba ameniambia nikirudi bila cheti nisipitie mlango wake."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Jikoni kwa Bibi."

Afande alifunga daftari. "Mkuu, stoo haikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa naye, na ugomvi ulikuwepo. Saa tano naondoka naye Ngara mjini."

Wiston alimtazama Bibi.  Bibi alikumbuka jinsi kijana huyu alivyokuwa akimtekea maji kila Jumapili bila kutumwa, akiyaacha mlangoni na kuondoka kabla ya kushukuriwa. Akarudi jikoni, akakaa kwenye kigoda, na kuanza kuipanga siku ya jana kama anavyopanga mahindi ya mbegu.

Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Saa tisa alasiri wanafunzi walileta ngoma zote mbili jikoni ili zipashwe, kama walivyofanya kila siku ya masika, kwa kuwa hapakuwa na jua la kuzikausha. Walifanya mazoezi. Saa kumi na nusu Ineza na Wiston walizirudisha stoo zikiwa bado za moto, zikilia vizuri, na ufunguo ukarudishwa ofisini. Tangu hapo wanafunzi wote kumi na wanne walikuwa jikoni, wakianika nguo na kumenya ndizi, mpaka walipokula na kwenda bwenini. Wiston ndiye aliyemenya ndizi nyingi kuliko wote, na kwa fujo kuliko wote.

Mkuu alikuwa kwenye mkutano mjini, akarudi giza limeingia. Mwalimu Marcel alikuwa ameaga saa kumi kwamba anakwenda Kabanga kutafuta kitenge cha vazi la Ineza. Alirudi jikoni saa moja, akasema duka alilikuta limefungwa. Bibi alimpa kiti karibu na moto. Alikumbuka viatu vyake vilivyowekwa mbele ya mafiga, vyeusi, safi. Alikumbuka pia kuwa hakuleta kitu.

Hapo Bibi aliacha kuhesabu mambo. Uji ulianza kushika chini, wala hakuukoroga.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilimkera tangu Jumanne. Wageni wakija chuoni, jikoni huambiwa siku mbili kabla: achinjwe kuku, utafutwe mchele. Safari hii hakuna aliyemwambia neno. Alidhani amedharauliwa kwa uzee wake, na kwa kiburi chake akanyamaza.

Saa nne na nusu aliingia ofisini akiwa na kisu cha jikoni.

"Afande, nipe robo saa. Twende sote stoo."

"Bibi Adventina, hili si jambo la jikoni," alisema mkuu.

"Ngoma ile ilipashwa jikoni kwangu, mkuu. Nisikilizeni tu, kisha mtaniambia nirudi kwenye masufuria yangu."

Wanafunzi walijaa mlangoni. Bibi alimwomba Ineza aipige ngoma ndogo. Ineza aliipiga, nayo ikatoa mlio mzito na mfupi, kama gunia lililolowa.

"Jana saa kumi na nusu ililiaje?"

"Ililia vizuri, Bibi. Ilikuwa imekaza."

"Imelala na baridi na mvua, imelegea. Na kubwa nayo, kama ingekuwa nzima hadi asubuhi, ingelegea vilevile. Marehemu mume wangu alikuwa akiwamba ngoma, afande. Ngozi iliyokaza ukiikata, inajivuta, inaachama, inajikunja, wala haifungi tena. Ngozi iliyolegea ukiikata, inabaki imefumba kama mfuko. Tazama hii kubwa. Imeachama."

"Hayo ni maneno, Bibi," Afande alisema kwa upole. "Nitayaandikaje?"

Bibi aliitazama ngoma ndogo, kisha kile kisu. 

Ineza ndiye aliyesema. "Ikate, Bibi."

"Mwanangu, ndiyo iliyobaki. Labda watahini wangekubali—"

"Ikate. Wiston hakufanya hivi. Ana mdomo mbaya, lakini hakufanya."

Bibi alikata. Kisu kilizama kwenye ngozi baridi, kikapita mpaka ukingoni. Alipokitoa, mpasuko ulijifumba, ukabaki mstari mwembamba kama mkunjo wa kiganja. Afande aliinama, akaugusa, akaigusa na ngoma kubwa. 

"Ilikatwa jana," alisema. "Ikiwa bado ya moto."

"Kabla haijapoa. Haikupita hata saa nzima. Na wanafunzi wote walikuwa kwangu."

"Nani mwingine anaingia ofisini na kuchukua ufunguo?"

Mkuu alijibu polepole, kana kwamba kila neno lilikuwa zito. "Mimi. Na Mwalimu Marcel."

"Mwalimu alikuwa Kabanga!" Ineza alisema.

Bibi alimgeukia Marcel. Alizungumza kwa sauti aliyotumia kumwamsha mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, jana barabara ya Kabanga ilikuwa tope tupu. Viatu vyako viliingia kwangu safi. Hilo ningeweza kulipuuza. Lakini tangu uliponiugulia malaria nikakulisha uji siku sita, hujawahi kurudi kutoka Kabanga mikono mitupu. Hata andazi moja, unalifunga kwenye karatasi unaniletea. Jana hukuleta. Hukwenda."

"Duka gani ulilikuta limefungwa, mwalimu?" Afande aliuliza. "La nani?"

Marcel alitazama viatu vyake.

"Na watahini," Bibi aliendelea. "Jikoni hakuna aliyeambiwa."

"Nilimwachia mwalimu awaambie jikoni," mkuu alisema, kisha akamgeukia ghafla. "Marcel. Watahini wako wapi?"

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Mvua ilianza tena juu ya bati. Mwalimu Marcel alivua koti lake, koti lile lile ambalo Ineza alikuwa amelivaa masika yote yaliyopita akiwa hana sweta, akalishika mikononi.

"Hawaji," alisema. "Barua ilikuja Februari. Niliichukua mwenyewe posta. Darasa letu halijasajiliwa. Hakuna mtihani wala cheti, na hata miaka hii miwili haihesabiki. Nilikwenda Bukoba mara tatu kuwaomba. Kila safari nilirudi nikisema kesho nitawaambia watoto. Nikiwakuta wanafanya mazoezi, nashindwa."

"Ukachana ngoma," Afande alisema.

"Kwa wembe. Nilitaka igizo livunjike kabla ya saa sita. Nilitaka warudi makwao wakisema tumeharibiwa, wasirudi wakisema tumedanganywa."

"Na mimi?" Wiston aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naondoka na afande, mwalimu. Ulikuwa umesimama pale mlangoni."

"Nilidhani hawatampata mtu yeyote. Kisha ulipoitwa… nilikuwa natafuta neno la kuanzia."

"Ungenieleza mimi," Bibi alisema.

"Ningekuambia uchinje kuku kwa ajili ya watu ambao hawapo, Bibi? Wewe kila siku unanipa kiti cha karibu na moto."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Afande alimwambia Marcel atangulie kwenye pikipiki, na Marcel, akipita, alimpa Ineza lile koti. Ineza alilipokea, kwa kuwa amelelewa kupokea kwa mikono miwili, kisha akaliweka juu ya ngoma.

Saa saba Bibi alipakua chakula cha watu kumi na wanne. Walikula watatu. Wengine walikuwa bwenini wakifunga mizigo. Mkuu alikuwa amesema ataandika barua, lakini hakusema ataiandika kwa nani.

Wiston alikuja jikoni na ndoo ya maji, ingawa haikuwa Jumapili. Hakuiacha mlangoni akaondoka. Alikaa.

"Umeniokoa, Bibi."

"Ineza ndiye aliyetoa ngoma iliyobaki."

"Nimemshukuru. Akasema si kitu." Alitazama moto. "Lakini Bibi, nimeachiwa niende wapi?"

 Bibi alimjazia bakuli, na kijana akalishika bila kula. Laiti Bibi angeuliza Jumanne habari za kuku wa wageni, pengine Marcel angesema ukweli hapo hapo jikoni, bila wembe. Ngoma zingekuwa nzima. Cheti kisingekuwepo vilevile.

Saa tisa ilipofika, saa ya kupasha ngoma, Bibi alisogeza masufuria pembeni ya mafiga kuacha nafasi, kama alivyofanya masika mawili mfululizo. Alikuwa ameshamaliza kuyasogeza alipokumbuka. Hakuyarudisha.