Mtu wa Tatu Kwenye Kioo Cheusi

Haya sikuhadithiwa, na anayebisha aje na mashahidi wake. Niliyaona mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tano, lakini macho yangu yana digrii. Kibanda changu cha kushona viatu kimepakana na karakana ya Fundi Kurunzi. Tumetenganishwa na ubao mmoja wenye tundu la ukubwa wa ndimu. Tundu hilo sikulitoboa mimi. Nililipanua tu.

Fundi Kurunzi anatengeneza laptopu, hasa zile kuukuu ambazo mafundi wenzake huziita marehemu. Jina alipewa kwa mazoea yake. Ikiletwa laptopu yenye kioo cheusi, kabla hajagusa bisibisi huchukua kurunzi, akaielekeza upande upande kwenye kioo, akasogeza uso mpaka pua ikaribie kugusa. Kioo cha laptopu hakina mwanga wake chenyewe, kina taa iliyojificha nyuma. Taa ikifa, picha bado imo, hafifu kama penseli iliyofutwa, nayo kurunzi huifichua. Hapo husema, "Mgonjwa mzima. Kilichokufa ni taa tu."

Mazoea hayo hakuna aliyeyajua kama Shemeji, kaka wa mkewe. Karakana waliifungua pamoja miaka kumi na minane iliyopita, mpaka Shemeji alipoanza kupoteza macho akaacha kazi.

Asubuhi moja Shemeji akaja, miwani nyeusi usoni, laptopu kwapani, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Karibu, shemeji! Umeniletea mzoga mwingine?"

"Inawaka sekunde moja, kisha kioo kinakuwa cheusi. Hebu imulike."

"Basi nishikie kurunzi, nami nishike kifuniko."

"Aa, shemeji. Mulika mwenyewe. Mkono wako una baraka."

Akatoka, akasimama nje, mgongo kwetu. Nikadhani anakimbia moshi wa kulehemu.

Fundi akamulika. Kwenye kioo palikuwa na picha yao siku ya kufungua karakana, vijana wawili wameshikana mabega. Lakini nyuma ya Shemeji alisimama mtu wa tatu, mrefu, mkono wake juu ya bega la Shemeji.

"Shemeji, huyu nyuma yako nani?"

"Hapo tulikuwa wawili," Shemeji akajibu kutoka nje, sauti imekauka. Akaondoka bila hata kuuliza arudi lini. Na mimi nikaona jambo moja nikalipuuza, kwa ujinga wangu: alipoondoka hakupapasa ukuta.

Fundi akaanza kazi. Akaiunganisha laptopu na kioo kingine cha hapo karakana: picha safi, watu wawili tu, wa tatu hayupo. Akafungua bawaba akaukagua waya unaopita humo, mzima. Akabadilisha kibao kidogo kinachoipa taa umeme. Ikawaka nyekundu nyekundu, ikalia nyembamba kama mbu sikioni, ikazimika, ikaacha harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Akabadilisha taa yenyewe pia, ile nyembamba kama njiti ya fagio. Ikalia vilevile, ikazimika vilevile, harufu ileile. Na kila ilipozimika akashika kurunzi.

Siku ya pili akaniita kupitia lile tundu, kwa kunong'ona. "Jirani, niambie ukweli. Hapa unaona watu wangapi?"

"Watatu," nikasema. Mtu mrefu sasa alikuwa katikati yao.

"Jana alikuwa nyuma ya Shemeji."

"Labda amechoka kusimama," nikatania. Hatukucheka, si yeye wala mimi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua limewaka hata lami inanata kwenye soli, nikamsikia akisema, "Jirani, mbona leo giza limeingia mapema?" Nikataka kumcheka, nikaweka jicho tunduni, nikamwona amekaa mbele ya ile laptopu, na kwenye kioo, bila kumulikwa na mtu yeyote, yule mrefu alikuwa ameuweka mkono wake juu ya bega la fundi, na bega la fundi, lile la nyama na shati, lilikuwa limeshuka upande mmoja kana kwamba limeelemewa, na fundi mwenyewe alikuwa ameielekeza kurunzi usoni pake, karibu kabisa, mwanga wote ukiingia machoni, na hakupepesa, akawa anaipigapiga kwa kiganja akiuliza kwa upole, "Betri imeisha, au?"

Mkewe alipokuja na chakula alimkuta hivyo. Sahani ikaanguka. Akakimbia kumwita Mganga, mama mnene asiyecheka, ambaye mkanda wa mkoba wake niliushona mimi, kwa hiyo hata katika uganga ule nina mchango.

Mganga akaifunika laptopu kwa kitambaa, akakiweka kiganja cha fundi juu yake. Mlio wa mbu ukaanza, ingawa betri ilikuwa imechomolewa, iko mezani. Kisha kinywa cha fundi kikafunguka, ikatoka sauti isiyo yake.

"Sikuvamia. Nilimulikwa."

"Nani alikuleta?"

"Aliyenibeba amenitua."

Mganga akashusha pumzi. "Jini hili hula nuru ya macho. Halimwachi mtu mpaka mwingine alimulike kwa mkono wake mwenyewe. Na halitoki kwa dawa. Litatoka siku aliyelileta atakaposimama mbele yako aseme kwa kinywa chake, 'Mimi ndiye niliyelitua kwako.' Ukichelewa, macho hayarudi."

"Laptopu ni ya kaka yangu," mke akasema polepole.

"Hapana," fundi akasema. "Shemeji nimekula naye sahani moja miaka yote hii. Hakujua. Angejua angeniambia."

"Nani alishika kurunzi?" Mganga akauliza.

"Mimi."

"Nani alisema uishike wewe?"

Fundi akainua uso. Nimewahi kuona watu wakifiwa, nimewahi kuona watu wakipigwa, lakini uso kama ule sijauona tena, uso wa mtu anayezirudia siku zake zote moja moja, akiangalia ni ipi ilikuwa ya uongo.

Mke akatuma kijana kumwita Shemeji, naye akaja. Gazeti kwapani.

"Kaka," dada yake akamuuliza, "miwani yako iko wapi?"

Basi Shemeji akapiga magoti. Akalia kama mtoto. Akasema, "Nisamehe, shemeji. Mimi ndiye niliyelitua kwako. Nilijua utamulika, ndiyo maana nikakuchagua." Kitambaa kikaruka kama kilichopigwa teke, taa ya kioo ikawaka nyeupe pee, mlio ukakatika, na fundi akapepesa, akasema, "Mke wangu, gauni lako ni la kijani!"

Hapo ndipo wasikilizaji wangu hupiga makofi.

Lakini wewe umenivumilia mpaka mwisho, sitakuficha. Jambo moja nimelibuni, ni hilo tu. Shemeji hakupiga magoti. Alisimama mlangoni, akamtazama dada yake, akamtazama rafiki yake aliyekuwa amegeuza uso upande usio na mtu, akasema, "Huyo mganga anawadanganya. Mimi nilileta laptopu mbovu, basi." Akafungua gazeti, akaondoka huku anasoma.

Nimejaribu kulisimulia bila magoti yale. Halimezeki.

Laptopu bado iko mezani. Fundi haruhusu iguswe. Anasema shemeji ataifuata tu, na akiifuata atasema neno. Mkewe humshika mkono akija na akiondoka. Mchana kutwa kurunzi inawaka, na siku hizi mlio wa mbu nausikia hata nikiwa nagongelea misumari. Mara tatu wiki hii ameniita kwa ile sauti yake ya upole: "Jirani, hebu njoo unimulikie hapa kidogo, uniambie wako wangapi."

Tundu nimeliziba. Kwa ngozi, mara mbili, na gundi.