Programu ya Lidwina

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kupalilia bustani ya mama yake, Lidwina alimpitia rafiki yake Walburga kwao Mshangano. Kutoka hapo walikwenda Songea mjini, kwenye kituo cha vijana, kujifunza kompyuta. Mwaka huo wa 1998 kituo kilikuwa na kompyuta moja tu, nao walikuwa wanafunzi kumi na wanne. Kila mmoja aliigusa dakika chache, akampisha mwenzake.

Siku moja Mwalimu Beda aliwaambia, "Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Andikeni programu ya kugeuza namba hizo ziwe namba zetu za kawaida. Atakayeweza ataitumia kompyuta hii kila siku wakati wa likizo."

Lidwina aliandika daftarini, akafuta, akaandika tena. Jumatano Walburga alimwomba daftari.

"Niazime, Lidwina. Somo sikulielewa kabisa. Kesho nitakurudishia."

Lidwina akampa bila kusita. Tangu darasa la kwanza walikuwa wakikaa dawati moja.

Jumamosi Walburga ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliketi mbele ya kompyuta, akachapa programu mstari kwa mstari. Lidwina aliisoma kwenye skrini. Mistari yote ilikuwa yake! Walburga akaingiza 101, kompyuta ikajibu 5. Wenzao wakapiga makofi.

"Mwalimu, hiyo ni kazi yangu," Lidwina alisema.

"Ana wivu huyo," Walburga akajibu bila kumtazama.

Neno hilo lilimchoma Lidwina kuliko wizi wenyewe. Machozi yakamlengalenga.

Mwalimu Beda hakugomba. Aliandika 110 ubaoni. "Walburga, ingiza hii."

Kompyuta ikajibu 3.

"Jibu lake ni sita. Kosa liko wapi?"

Walburga aliikodolea macho skrini.

"Haya, Lidwina."

"Inaanza kuhesabu kutoka kushoto, Mwalimu. Ilitakiwa ianze kulia: nafasi ya moja, ya mbili, kisha ya nne. Hapa nafasi ya moja ina sifuri. Tunajumlisha mbili na nne, tunapata sita. Namba 101 inasomeka sawa kutoka pande zote, ndiyo maana kosa lilijificha. Mimi nililiona Alhamisi jioni, niliporudishiwa daftari."

Aliketi, akarekebisha mstari mmoja. Kompyuta ikajibu 6.

Walburga akaanza kulia. "Nilinakili, Mwalimu. Niliogopa kuonekana sijui. Nisamehe, Lidwina."

"Nimekusikia," Lidwina alisema. "Lakini leo nitarudi nyumbani peke yangu."

Mwalimu Beda aliandika jina la Lidwina kwenye ratiba ya likizo. Kisha akamgeukia Walburga.

"Kutojua si aibu, mwanangu. Ungeniambia hujaelewa, ningekufundisha tena, hata mara kumi. Lakini umechukua jasho la mwenzako, kisha ukamwita mwenye wivu mbele ya watu. Kosa la programu limerekebishwa kwa dakika tano. Hili ulilomfanyia rafiki yako litachukua siku nyingi, na wa kulirekebisha ni wewe."