Mgeni wa Chumba cha Baridi

Haya yalimkuta rafiki yangu, na mpaka leo ukimgusia anabadilisha mada. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kuku, na kupokea wafanyakazi wapya ilikuwa kazi yake. Alikuwa na makaribisho yake: anamtembeza mgeni, anampa buti na aproni, kisha anamtuma chumba cha baridi akalete kreti. Mgeni akishaingia tu, anamfungia kwa nje na kumzimia taa. Dakika kumi. Wenzake huko nje wanacheka mpaka machozi.

Siku hiyo mgeni alikuwa binti mpole, nywele timutimu.

“Kichwa gani hicho? Umekuja kazini au umekimbizwa na nyuki?” alimwambia mbele ya watu. “Haya, kaniletee kreti.”

Akafunga, akazima, wakasubiri kelele, maana wote hupiga kelele. Kimya. Mashine tu ilikuwa ikinguruma. Dakika ya nane akatega sikio mlangoni, akamsikia binti akisema taratibu, “Polepole, dada, unaniumiza.”

Alifungua haraka, akawasha taa. Ndani hamkuwa na mtu mwingine. Binti alikuwa ameketi juu ya kreti, shingo ameiinamisha kama anayeshikwa kichwa.

“Si mngemwacha amalize?” alinung'unika.

Upande mmoja nywele zilikuwa timutimu vilevile. Upande wa pili ulikuwa umesukwa twende kilioni, mistari myembamba iliyokazwa mpaka ngozi imevutika, na kila ncha imefungwa kwa barafu.